Mawakili, baraza si mahakama ndogo: niliyoyaona nikiwa nimekaa upande wa mwenyekiti

Mjumbe wa Zamani

Wakuu, salaam.

Nimekuwa mjumbe wa baraza la rufaa za kiutawala, yaani chombo kinachosikiliza wanaopinga maamuzi ya maofisa wa serikali, kwa miaka sita (lipi, msiniulize). Kabla ya hapo na baada ya hapo nimekuwa wakili wa kawaida kama nyie. Juzi nilikuwa nimekaa nyuma ya chumba nikisubiri shauri langu liitwe, nikamsikiliza kijana mmoja akiwasilisha hoja zake. Kajiandaa, sheria anaijua, sauti anayo. Aliongea dakika arobaini. Mwenyekiti aliacha kuandika dakika ya kumi. Kalamu aliiweka mezani, mfuniko akaurudisha. Kijana alikuwa amekazia macho karatasi zake, hakuona.

Nimeamua kuandika uzi huu kwa sababu ya ile kalamu.

Mtu anayekusikiliza pale anakwenda nyumbani na mzigo mmoja: kuandika uamuzi wenye sababu. Mara nyingi mashauri ya siku hiyo ni matano au sita, na yeye hana msaidizi wa utafiti. Unachomwachia akaweza kukitumia kama aya ya uamuzi wake, hicho ndicho ulichowasilisha. Mengine yote mteja wako amelipia burudani.

Naanza na kosa la kwanza, ambalo linatokea kabla hata ya kuingia chumbani. Wakili anasoma jalada la mteja, anakasirika kwa niaba ya mteja, anaandika hoja. Sheria iliyoanzisha baraza anaifungua mwisho, kama anaifungua. Ni kinyume. Baraza halina mamlaka asilia kama Mahakama Kuu. Limezaliwa na kifungu na linaishi ndani ya kifungu. Soma sheria ile na kanuni zake ukitafuta majibu: shauri hili linaweza kusikilizwa hapa? Muda wa ukomo unahesabiwa kuanzia siku uamuzi ulipotolewa au siku mteja alipojulishwa? Baraza linaweza kutoa nafuu gani? Nimewaona watu wakiomba fidia mbele ya chombo chenye uwezo wa kutengua tu na kurudisha suala kwa ofisa. Mwenyekiti anakuangalia kwa huruma, unatamani ardhi ipasuke.

Lipo swali moja ambalo karibu kila mtu analiruka: baraza hili linasikiliza upya, au linakagua tu kama ofisa alikosea? Kwa Australia, kwa mfano, tangu shauri la Drake la mwaka 1979 msimamo ni kwamba baraza la mapitio linakaa kwenye kiti cha ofisa aliyeamua na kutafuta uamuzi ulio sahihi au unaofaa zaidi, kwa ushahidi uliopo mbele yake. Kwingine rufaa ni kwa hoja za kisheria peke yake, na ushahidi mpya hauna pa kuingilia. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Niliwahi kumsikiliza wakili asubuhi nzima akithibitisha kwamba ofisa wa leseni alikuwa na kiburi, hakupokea simu, alimfokea mteja. Huenda ni kweli yote. Lakini tulikuwa tunasikiliza upya! Ofisa hakuwa na umuhimu tena. Tulitaka kujua jambo moja tu, kama mteja ana sifa za kupewa leseni, na vyeti vyake wakili alivitaja dakika tatu za mwisho, akiwa amechoka.

Ushahidi. Mabaraza mengi hayafungwi na kanuni kali za ushahidi. Jaji Diplock alilieleza vizuri mwaka 1965 katika shauri la Moore kule Uingereza: kinachotakiwa ni kitu chenye uwezo wa kuthibitisha jambo, basi. Marekani nako, katika Richardson v. Perales ya mwaka 1971, ripoti za madaktari ambao hawakufika kuhojiwa zilikubaliwa kuwa ushahidi wa kutosha kuunga mkono uamuzi. Kwa hiyo kupinga kila karatasi eti ni ushahidi wa kuambiwa kunakuchosha wewe na kunawachosha wajumbe. Pigania uzito. Sema: "Mheshimiwa, barua ipokelewe. Ila aliyeiandika hayupo hapa, tukio hakuliona, na aliandika miezi minane baadaye." Sentensi hiyo mwenyekiti anaiandika kama ilivyo, na mara nyingine utaikuta kwenye uamuzi.

Maswali ya wajumbe. Jamani. Mjumbe akikuuliza kitu anakuonyesha mahali ambapo kalamu yake imekwama. Ni zawadi ile. Kuna mawakili wanajibu "nitalifikia, Mheshimiwa". Usilifikie. Jibu hapo hapo, ndiyo au hapana kwanza, maelezo baadaye. Kama jibu linakuumiza, liseme linavyouma kisha ueleze kwa nini bado unashinda. Niliwahi kumuuliza wakili kama mteja wake alipokea ile notisi. Akanizungusha sheria ya huduma ya posta kwa dakika kumi na mbili. Mwenzake wa upande wa pili alisimama, akasema: "Alipokea tarehe 3, sahihi yake iko ukurasa wa 41." Akakaa. Mpaka leo sikumbuki hoja nyingine iliyotolewa siku ile.

Nimeandika ndefu. Mengine tutaongea kwenye majibu.

Kifungu cha Kwanza

Mkuu uzi wenyewe umeshazidi dakika arobaini, kalamu yangu nimeifunika zamani 😂

Utani. Endelea.

Mdodosi

Nakubaliana na mengi, ila hapo kwenye ushahidi nina ugomvi na wewe. "Ipokelewe, tupiganie uzito" inapendeza mbele ya baraza rafiki. Siku ukishindwa na ukaenda mapitio mahakamani, yaani jaji akague uamuzi wa baraza, atafungua mwenendo wa shauri (kumbukumbu za yaliyosemwa) na kukuta wakili msomi alikubali barua ipokelewe. Utaanzia wapi? Mawakili wanasahau kwamba baraza lina hadhira mbili: ile iliyo mbele yako, na jaji atakayesoma mwenendo miaka miwili baadaye bila kuuona uso wako.

Na upendeleo ndiyo usiseme. Ukijua saa mbili asubuhi kwamba mjumbe ana hisa kwenye kampuni ya mjibu maombi (upande wa pili), ukanyamaza ukisubiri kuona upepo, ukishindwa jioni hakuna atakayekusikiliza. Utaambiwa uliridhia.

Mjumbe wa Zamani

@Mdodosi umenibana kihalali. Nirekebishe: weka pingamizi kwa sentensi mbili, hakikisha limeandikwa, omba uamuzi mdogo (wa pingamizi hilo tu, hapo hapo) kama jambo ni zito, kisha songa mbele. Ninachokataa ni lile pingamizi la nusu saa kwa kila kielelezo, ambalo mwisho wake linapokelewa tu na wajumbe wamekuchoka.

La upendeleo nakuunga mkono mia kwa mia. Linaumiza kulisema, hasa ukijua utarudi mbele ya watu wale wale wiki ijayo. Liseme mapema, kwa upole, ukieleza mambo yenyewe bila kivumishi hata kimoja. "Mheshimiwa, tumefahamu jana kwamba..." na uache hapo wenyewe waamue kujitoa au la.

Karani Mstaafu

Naombeni na mimi niongee, maana huwa hatuulizwi. Miaka ishirini na mbili nimepanga majalada.

Mawakili mnaandaa hoja, hamwandai karatasi. Baraza lina wajumbe watatu, wakili analeta nakala moja na nyingine ya kwake. Ya tatu na ya nne akatoe nani? Mjumbe wa pembeni anaanza kuchungulia jalada la mwenzake, na ukimwona mtu anachungulia ujue hasomi.

Namba za kurasa. Nawasihi. Namba moja inayoanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, si kila kielelezo kianze moja. Niliwahi kushuhudia jalada la kurasa karibu mia nne, "ukurasa wa 7" zilikuwa tisa. Wakili anasema "tazama ukurasa wa 7", wajumbe watatu wako kwenye barua tatu tofauti, na hakuna anayejua mwenzake yuko wapi. Zikitumwa kwa mtandao, namba inayoonekana kwenye kioo iwe ile ile iliyo kwenye karatasi. Dogo hilo, lakini usikilizwaji wa kwa video ndiyo unaharibika hapo.

Mwisho, piga simu masjala kabla. Uliza wajumbe ni wangapi, mkalimani amepangwa au la, mashauri mangapi yako siku hiyo. Hayo si siri. Ila ukianza kuniuliza "mwenyekiti analionaje hili shauri" nakata simu. Wengine mnadhani karani ni mlango wa nyuma. Ile kesi ya Sussex ya mwaka 1924, mnayoinukuu kila siku kwamba haki isitendeke tu bali ionekane ikitendeka, ilisababishwa na nani? Karani! Ofisi aliyofanyia kazi ilikuwa inamtetea mtu mwenye madai yaliyotokana na ajali ile ile, naye akaingia na mahakimu faragha walipokwenda kutafakari. Hakusema neno. Hatia ikafutwa hata hivyo.

Kifungu cha Kwanza

Karani umenipa somo nililokosa chuo kizima.

Binti wa Hoja

Shikamooni wakubwa. Uzi umenikuta pabaya na pazuri. Alhamisi nina usikilizwaji wangu wa kwanza peke yangu, mwenye ofisi amesafiri. Mteja kafutiwa leseni ya kituo cha kulelea watoto. Mjibu maombi hana wakili, anakuja ofisa mwenyewe aliyefanya ukaguzi, atatoa ushahidi na hapo hapo ataiwakilisha taasisi. Jalada langu lina kurasa 212. Nimeandika hoja kumi na moja. Naogopa nikimbana sana ofisa nitaonekana namwonea, nikimwachia nitaonekana sijui kazi. Nifanyeje?

Mdodosi

Marahaba. Mbane, lakini kwa kifupi. Nikupe langu moja.

Shauri la ukaguzi kama lako. Ofisa kaleta ripoti ya kurasa kumi, mbaya kweli kweli kwa mteja wangu. Maswali yangu ya dodoso, ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, yalikuwa haya, yote:

"Ripoti hii umeiandika wewe?"
"Ndiyo."
"Ina tarehe ya 9?"
"Ndiyo."
"Eneo ulilikagua tarehe ngapi?"
Kimya. Akafunua kitabu chake cha kumbukumbu.
"Tarehe 14."
"Nashukuru. Sina swali jingine."

Kijana niliyekuwa naye alinivuta koti, ananong'ona: muulize imewezekanaje! Nikamkanyaga mguu. Ukiuliza imewezekanaje unampa mlango wa kutokea: kosa la uchapaji, mheshimiwa. Nikakaa. Basi mjumbe mmoja akamuuliza mwenyewe, na ofisa akajibu kwamba alianza kuijaza kwa kutumia ripoti ya mwaka uliopita. Mimi nisingelipata jibu lile hata kwa saa nzima.

Mjumbe wa Zamani

Nzuri, ila Binti usiichukue nzima nzima. Mdodosi alibahatika na mjumbe. Angeulizwa na mjumbe mwingine, ofisa angesema uchapaji na hoja ingekufa.

Halafu kuna mstari wa haki hapo. Kama kwenye hoja za mwisho unakusudia kusema ofisa alitunga ripoti, lazima umwambie usoni akiwa kizimbani, apate nafasi ya kujibu. Ni kanuni ya tangu Browne v Dunn, 1893. Baraza halifungwi nayo kama mahakama inavyofungwa, lakini mjumbe makini atakuuliza: "Hilo mbona hukumuuliza?" Na utakosa jibu. Kama unachosema ni kwamba tu ripoti ilitangulia ukaguzi, tarehe mbili zinatosha, kaa.

Kuhusu kumwonea: ofisa asiye wakili si adui mnyonge, wala si wakili mwenzako. Usimrushie Kilatini. Mabaraza haya yalijengwa ili mtu asiye na wakili aweze kuingia na kusikilizwa. Kamati ya Franks kule Uingereza iliyataka mwaka 1957 yawe na mambo matatu, uwazi, usawa na kutopendelea, na tume ya Leggatt mwaka 2001 ikasukuma zaidi kwamba yawatumikie wanaoyatumia. Ukimwona mwenyekiti anamsaidia ofisa kupanga maswali, usiruke. Ni kazi yake. Inuka pale tu anapoanza kumjengea kesi.

Sasa hoja kumi na moja. Dada yangu, hakuna shauri lenye hoja kumi na moja. Ziko mbili, pengine tatu, na zile nane ni woga wako umeupa namba. Bora zikae chache na zikae kwa maandishi, wazi kabisa, kwa sababu hii: mahakama zinazopitia maamuzi siku hizi zinasoma sababu kwa kuzilinganisha na hoja kuu za wadaawa. Kanada wamelisema hilo waziwazi katika Vavilov, 2019. Baraza likipita kimya kwenye hoja yako kuu, hapo umepata pa kushika. Likipita kimya kwenye hoja ya tisa kati ya kumi na moja, hakuna atakayeshtuka.

Tuambie, zile mbili ni zipi?

Binti wa Hoja

Nimekaa nazo usiku kucha. (1) Mteja hakupewa nafasi ya kujibu kabla ya kufutiwa. Barua ya kufuta ndiyo barua ya kwanza aliyopokea. (2) Kasoro mbili kati ya tatu alizotajiwa zilisharekebishwa, risiti za fundi na picha zipo. Ya tatu, idadi ya walezi, ni kweli alikuwa pungufu.

Mjumbe wa Zamani

Basi anza kwa kuikubali ya tatu. Sentensi ya kwanza kabisa. "Mheshimiwa, tunakubali walezi walikuwa pungufu siku ya ukaguzi, leo wametimia, mikataba yao ni ukurasa fulani." Wajumbe wakiona umekubali lililo kweli watakuamini kwa mengine.

Halafu jiulize lile swali la mwanzo wa uzi: wanasikiliza upya au wanakagua? Kama wanasikiliza upya, hoja yako ya (1) inapungua makali, maana mteja anasikilizwa sasa hivi, na ya (2) ndiyo injini. Kama wanakagua tu, ni kinyume chake.

Andika pia amri unazoomba, kwa maneno ambayo mwenyekiti anaweza kuyanakili. Weka na mbadala: kama hawawezi kurudisha leseni moja kwa moja, warudishe suala kwa ofisa mwingine, na leseni iendelee kwa masharti mpaka hapo.

Mpita Njia wa Sheria

Niongeze kidogo: mteja akishindwa, omba sababu kwa maandishi haraka, usikae. Afrika Kusini sheria yao ya mwaka 2000 inampa aliyeathirika siku 90 za kuomba sababu za uamuzi wa kiutawala. Kenya haki ya kupewa sababu kwa maandishi iko kwenye ibara ya 47 ya katiba ya 2010. Angalieni sheria ya mnapofanyia kazi inasemaje.

Karani Mstaafu

Na wewe Binti, hizo 212 zipunguze. Waliosoma kurasa 212 usiku wa kuamkia usikilizwaji nawafahamu. Ni mmoja, na amestaafu.

Binti wa Hoja

Wakubwa, nimerudi. Nilipunguza hadi 58. Nilipiga simu masjala: sheria yao inasema wanasikiliza upya (nilishaisoma, lakini karani akaniambia na mkalimani hakupangwa, mteja wangu angeumbuka). Nikaandika barua siku hiyo hiyo, mkalimani akaja.

Nilianza na ya tatu kama ulivyosema. Mwenyekiti akainua kichwa, akaniuliza: "Walezi wapya wana vyeti?" Nikasema, "Nitalifikia, Mheshimiwa."

Nilisikia nikisema, jamani. Limenitoka lenyewe. Nikanyamaza kidogo, nikasema, "Samahani Mheshimiwa. Ndiyo, wote wawili. Ukurasa wa 33 na wa 34." Akafunua. Akaandika.

Ofisa nilimuuliza maswali sita. La saba nililimeza. Picha za choo kipya alizikubali mwenyewe bila kusukumwa, ila kwenye uzio alinishinda, alikuwa na kipimo na mimi sikuwa nacho.

Uamuzi umepangwa wiki tatu zijazo. Mteja ameniuliza mara mbili kama tumeshinda.

Mdodosi

Ulimjibuje?

Binti wa Hoja

Nilimwambia akanunue futi kamba, akapime uzio.